Nondo Ukutani

Alfajiri, kabla ya maua kuletwa,
naingia na ndoo, ngazi fupi na kitambaa cha pamba.
Kanisa ni dogo: watu thelathini wakijipanga vizuri,
thelathini na wawili wakipendana.
Halina mnara, halina kengele. Mgeni akipanda kutoka barabarani
hudhani ni tangi la maji la kijiji,
mpaka azunguke pembe.

Hapo huona ukuta ukiachana na paa.
Havigusani. Kati yao pana ufa wa upana wa kiganja,
umezibwa kwa kioo, umelizunguka jengo lote,
na paa zima la zege limekaa juu ya mwanga
kama kifuniko ambacho mtu alisahau kukibana.
Nagase, kijana aliyelichora, alinieleza
habari za nguzo nne nyembamba zilizofichwa.
Nilimsikiliza kwa adabu.
Mimi bado naamini mwanga.

Nafuta kioo hicho kwanza.
Alama za vidole hakuna, nani afike huko juu?
Ni chavua ya misonobari tu,
na utando wa buibui mmoja
ambaye tumekubaliana ahame kila Jumamosi.

Kisha ukuta. Ukuta haufutwi, unapapaswa.
Hauna plasta, hauna rangi,
ila zege lililala na mbao likaamka na sura yao:
mistari ya mwerezi, alama za misumari, mafundo.
Mbao zilitoka bandani kwangu.

Orofani mwa banda lile tulifuga viwavi wa hariri.
Tamotsu alinioa mwezi wa sita, viwavi wakiwa katika ulafi wao,
na nyumba ya mamake haikuwa na chumba cha ziada.
Tukatandika kati ya trei.
Usiku kucha walitafuna majani ya mforsadi,
sauti yake manyunyu juu ya bati.
“Mvua,” nikasema.
“Wageni,” akasema. “Harusi haijaisha, bado wanakula.”

Bei ya hariri ikaanguka, Tamotsu akafuata.
Vijana wakaja na lori, wakang'oa ubao baada ya ubao,
nami nikahesabu pesa nikidhani nimeuza kuni.
Kumbe walizisimamisha huku kilimani kama kuta za sanduku,
wakasuka nondo ndani yake, wakamwaga zege.
Nondo! Hata jina limerudi.
Wale wa kwanza walitoboa hariri wakaruka usiku mmoja, wakafa.
Hizi za chuma zimelala humo, hazitatoka.

Upande wa kaskazini, safu ya tatu,
usawa wa bega la mtu aliyekaa,
lipo fundo lenye umbo la sikio la mbwa.
Nililitazama usiku ule kwa sababu ya aibu,
sikujua pengine pa kutazama.
Limegeuka: la kushoto limekuwa la kulia,
lililokuwa tundu sasa ni nundu.
Nikipita naliwekea kidole gumba,
kisha naendelea na kazi.

Leo anaolewa Sayuka, binti wa mwenye kituo cha mafuta.
Padri wa kukodi anatazama saa, ana harusi nyingine bondeni.
Saa tano kamili jua linaingia ufani,
linateremka ukutani taratibu, ubao hadi ubao,
vile alivyochora Nagase,
na bibi harusi, ambaye hakuambiwa, anainua shavu.

Nimesimama nyuma na ndoo yangu.
Mtoto wa kiti cha pembeni amechoka na viapo,
ameegemeza sikio kwenye zege, macho yamemtoka.
“Mama,” ananong'ona, “humu ndani kunanyesha.”
Mama anamvuta mkono. Nje ni jua kali,
hata panzi wamenyamaza.

Sikumsahihisha.